Ua Mmoja, Wapangaji Wengi

Katika Likoni, Kisauni na Changamwe watu wengi hukaa katika nyumba za Kiswahili zilizojengwa kwa namna moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, lakini ukumbi, ua, choo na maji ni vya wote. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia, kwani kazi ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe.

Jambo hili si geni. Shida ya nyumba na kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wafanyakazi wa Mombasa katika migomo ya mwaka 1939 na ya Januari 1947. Bandari na reli zilileta watu wengi, na vyumba havikutosha. Tena katika sehemu nyingi mwenye nyumba si mwenye ardhi. Yeye hulipa kodi ya kiwanja, na kwa kuwa aweza kutakiwa kuondoka, husita kutia fedha nyingi katika choo cha mawe.

Hatari iliyo kubwa ni ya maji. Baadhi ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, katika chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950, nayo hayautoshi mji wote. Kwa hiyo wengi huteka visimani. Lakini ardhi ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, hupitisha maji upesi, na uchafu wa shimo la choo waweza kufika kisimani pasipo kuonekana. Hushauriwa kwamba kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi. Katika kiwanja kidogo hilo haliwezekani. Basi maji ya kisima cha namna hiyo yafaa kwa kuoshea sakafu, bali ya kunywa sharti yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu hakibagui aliyefagia na asiyefagia.

Dawa ya mambo haya ni mapatano ya mapema. Kwanza, zamu ya kufagia ua na kuosha choo ihesabiwe kwa vyumba, iandikwe, na ibandikwe ukumbini ambapo kila mtu ataiona. Anayesafiri apatane na jirani amshikie zamu.

Pili, gharama zigawanywe kwa haki. Ikiwa mita ya umeme ni moja, si haki mwenye taa moja alipe sawa na mwenye jokofu. Maji nayo yafaa yahesabiwe kwa watu, kwani chumba cha mtu mmoja hakitumii sawa na chumba cha watu watano.

Tatu, ukumbi ni njia. Baiskeli, makaa na mitungi ikiwekwa humo, watu hawatapata pa kutokea siku ya moto.

Nne, ijulikane kazi ya nani ni ipi. Usafi wa kila siku ni wa wapangaji. Kutapisha shimo lililojaa na kutengeneza paa na kuta ni mambo ya kukubaliana na mwenye nyumba kabla ya kuhamia, na kila malipo yatolewe stakabadhi.

Vyombo vya nyumba moja havikosi kugongana. Likitokea neno, lizungumzwe kwanza barazani, kisha kwa mwenye nyumba, kisha kwa mzee wa mtaa. Kwa wapangaji wa kodi ndogo, sheria ya kodi za nyumba ya mwaka 1959 iliweka baraza maalumu la kusikiliza mashauri yao na ya wenye nyumba.

Lakini shauri huchukua siku nyingi, na kufagia ua huchukua dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.