Kapita akipotea shambani: namna VIH inazuia mwili kujibu



Mimi ni mutu wa agronomia, si munganga. Lakini mwezi uliopita binamu yangu aliniambia ameacha vidonge vya VIH, juu anajisikia muzima na kipimo hakionyeshi tena virusi. Nilikosa jibu. Nikasoma, nikauliza mwenzetu wa maabara, na haya njo niliyoelewa.

Fikiria shamba kubwa la muhogo. Wafanyakazi wako wengi, lakini anayesema leo tupalilie wapi ni kapita. Katika mwili, kapita ni selule T yenye alama ya CD4. Yeye anatambua adui, halafu anatuma ujumbe: selule B zitengeneze kingamwili, selule CD8 ziue selule zilizoambukizwa, makrofaji zimeze bakteria na kuziua.

VIH inashika kapita mwenyewe. Inajibandika kwenye ile alama ya CD4, inaingia, inapachika jeni zake ndani ya ADN ya selule, na kuigeuza kiwanda cha virusi. Mutu muzima ana CD4 kama 500 mpaka 1 500 katika mikrolita moja ya damu. Chini ya 200, ugonjwa umefika mbali.

Lakini hesabu si yote. Bila dawa, virusi vinachokoza kinga usiku na mchana. Selule T zinazobaki zinachoka: zinaona adui, lakini zinajibu polepole na hazizaani vya kutosha. Njo maana kifua kikuu kilicholala mapafuni kwa miaka kinaweza kuamka hata kabla CD4 hazijashuka sana. Hata chanjo zinaweza kuacha kinga dhaifu.

Dawa zinazuia virusi kuzaana. CD4 zinapanda, na mutu ambaye virusi vyake havionekani kwa kipimo, akiendelea na dawa, haambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ila kuko selule T zilizolala na VIH ndani ya ADN yao, na dawa haziwezi kuitoa humo. Ni kama ndago: unakata majani, viazi vyake vidogo vinabaki chini ya udongo. Ukiacha dawa, virusi vinarudi, mara nyingi ndani ya majuma machache tu. Uchunguzi mukubwa uliochapishwa 2006, wa watu zaidi ya 5 000, ulionyesha kwamba waliokatiza dawa kwa kufuata kipimo cha CD4 waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea.

Nikamwambia binamu: «Ndugu yangu, shamba linaonekana safi juu unapalilia kila siku. Ndago haijakufa.» Alinyamaza. Kisha akauliza kama naweza kumusindikiza hospitalini. Tulienda juzi.

Kama uko na ndugu aliyeacha dawa, usimukaripie. Mueleze, halafu umusindikize. Na nyinyi wa afya, pale nimekosea munisahihishe.