Baba aliyemwona dirishani

Mwaka 1984 Abdulrazak Gurnah, wakati huo akiwa na miaka 35, alirudi kwao Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu aondoke akiwa kijana wa miaka 18. Siku moja alisimama dirishani akamwona baba yake, mzee tayari, akivuka kwenda msikitini. Likamjia wazo kwamba mzee yule alikuwa mtoto wakati ukoloni wa Waingereza ukijijenga. Mtoto aliyaonaje mambo yale?

Muda mfupi baadaye mzee alifariki. Wazo lile halikumtoka mwanawe. Miaka 10 baadaye likatoka riwaya ya Paradise, inayomhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake anamtoa rehani kwa tajiri anayemdai. Mtoto mwenyewe anadhani anasafiri tu na mjomba.

Wengi wetu tulilisikia jina la Gurnah Oktoba 2021, alipotangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Simu ya kumpa habari ilimkuta jikoni akiandaa chai, na alidhani ni mzaha. Huku kwetu tukaanza kubishana ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ametoka Zanzibar, ana ndugu zake huko na huenda kila apatapo nafasi. Mimi naona ubishi ule ulitupotezea muda ambao tungeutumia kumsoma.

Alizaliwa mwaka 1948 na kukulia karibu na bandari ya majahazi. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na miaka 15. Uingereza aliingia bila fedha za maana, na kwa miaka kadhaa alikuwa mhudumu wa wodini katika hospitali moja huku akisoma. Daud, mhusika mkuu wa Pilgrims Way, anafanya kazi hiyo hiyo.

Katika hotuba yake ya Nobel alisimulia kwamba shuleni kuandika kulikuwa starehe tu. Kipindi cha kutunga hadithi kikifika, darasa zima lilinyamaza, kila mtoto kainamia daftari lake. Ugenini ndiko kalamu ilikobadilika. Upweke na hamu ya nyumbani vilimrudisha kwenye mambo aliyoyaacha bila kuyatafakari. Hata hivyo kitabu cha kwanza, Memory of Departure, kilitoka mwaka 1987, takriban miaka 20 baada ya safari yake.

Kwa mzazi mwenye mtoto ughaibuni, ningependekeza aanze na Admiring Silence. Kuna mwanamume aliyehamia Uingereza, akaishi na Emma, Mwingereza, wakapata binti. Wazazi wa Emma anawapa hadithi za kutunga kuhusu kwao, zile anazojua wanapenda kuzisikia. Kwao nako hasemi lolote kuhusu mwanamke wala mtoto. Anaporudi baada ya miaka 20, anakuta ndugu wamekwisha kumtafutia mchumba! Afanye nini? Unacheka, kisha unajiuliza ni mangapi na wewe hujaambiwa, maana kila simu inayopigwa nyumbani huwa na jibu lile lile: sijambo mama, mambo mazuri.

Naye Saleh Omar wa By the Sea ni mzee wa miaka 65 anayetua uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, akijifanya hajui Kiingereza kwa sababu ndivyo alivyoshauriwa. Mzigoni ana kikasha cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, anavutiwa na harufu, kisha anakichukua. Mzee ananyamaza. Aliyezoea harufu ya udi nyumbani hahitaji kuelezwa ni nini kimechukuliwa pale.

Gurnah huandika kwa Kiingereza, lakini Paradise sasa inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nashukuru, kwa kuwa wazee wengi wangeweza kuhadithia mambo ya Yusuf wakiwa barazani, bila kufungua kitabu.

Kitabu kinachonirudisha kwenye lile dirisha, hata hivyo, ni Gravel Heart cha mwaka 2017. Salim ni mtoto ambaye baba yake amehama nyumbani ghafla, anaishi chumba cha nyuma ya duka. Mama hasemi kwa nini, baba hasemi. Kila siku mama anapika, anapakia kikapuni, na Salim anapeleka. Miaka inapita hivyo. Salim anachukuliwa na mjomba kwenda London, anakuwa mtu mzima huko, na barua nyingi anazomwandikia mama yake hazipeleki. Mama anakufa yeye akiwa mbali.

Anaporudi anamkuta baba yake. Hakuna tena wa kupika wala kikapu cha kubeba. Wanakaa wawili, na mzee, usiku baada ya usiku, anaanza kusimulia.