Samaki Aliyeuma Akaenda Zake

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni methali ya watu wa visiwa, na hadi leo haijapoteza ukweli wake. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama ufukweni na mshipi mkononi anajua kwamba wako wagaagaa na upwa wengi ambao hurudi majumbani na kikapu chepesi, ilhali usiku kucha samaki walikuwa wakiuma. Hao ndio tunaokusudia kuwazungumzia leo, kwa kuwa jambo lao ni dogo kwa sura lakini ni kubwa kwa maana.

Zinapovuma pepo za kusi, bahari ya nje huchafuka, na ngalawa na mitumbwi hulazimika kulala pwani kwa siku nyingi. Wakati huo ndipo watu wanapoonekana wamejipanga ufukweni, vijana kwa wazee, kila mmoja na mshipi wake aliouzungusha kwenye chupa tupu, chubwi moja na ndoana mbili tatu. Katika upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, mwamba huvunja nguvu za mawimbi maji yanapokupwa. Lakini yanapojaa, mawimbi huupita mwamba na kufika karibu na mchanga, na samaki huja pamoja nayo kutafuta riziki. Kule kaskazini ya Pemba uko ufukwe uitwao Vumawimbi, na jina lake latosha kueleza mvuvi wa huko anapambana na nini. Watu hawa hawana chombo, hawana mashine, wala hawanunui mafuta. Kitakachonaswa ndicho kitoweo cha nyumba zao usiku ule.

Sasa na tujiulize: kati ya samaki wanaouma, ni wangapi wanaofika mchangani? Chukua mfano wa mvuvi aliyeumiwa chambo chake mara 10 akapata samaki 3. Saba wamekwenda zao. Kama angeweza kupata 5 badala ya 3, kitoweo chake kingeongezeka kwa theluthi mbili, bila ya kununua chambo zaidi, bila ya kutembea mbali zaidi, wala kukesha zaidi. Samaki aliyeuma ni samaki aliyekwisha kupatikana kwa sehemu kubwa. Mahali palikuwa ndipo, saa ilikuwa ndiyo, na chambo kilimpendeza. Kilichoharibika ni ile hatua ya mwisho tu, baina ya ncha ya ndoana na taya la samaki.

Hasara hii haionekani katika vitabu vyetu. Bwana Diko huandika uzito wa samaki waliofikishwa dikoni, aina zao na zana zilizotumika, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini samaki aliyekimbia hapimwi, haandikwi, wala haulizwi. Jambo lisiloandikwa huwa rahisi kudhaniwa kuwa ni bahati mbaya tu.

Wavuvi hodari wanajua kwamba bahati si sababu pekee. Sababu ya kwanza ni ncha. Ndoana iliyokaa katika chumvi hushika kutu, na iliyoburutwa juu ya mawe hupinda au hufa makali. Samaki kama kikande au changu mkubwa ana mdomo mgumu; ndoana butu humgusa tu, naye huitema. Iko njia nyepesi ya kuijua ndoana: iweke ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba na uivute polepole bila ya kuikandamiza. Ikishika, ni kali. Ikiteleza, haifai kutupwa majini mpaka ipigwe tupa. Kazi hiyo haizidi dakika moja, na inapasa kurudiwa kila mara mshipi unaponasa mwambani na kunasuka.

Sababu ya pili ni namna ya kutia chambo. Wengi wetu tumezoea kuificha ndoana yote ndani ya chambo, tukidhani kwamba samaki akiiona ncha ataogopa. Samaki anayetafuta chakula katika povu la mawimbi na mchanga uliotibuka huongozwa zaidi na harufu na mtikisiko kuliko macho. Ncha iliyozama ndani ya nyama ya ngisi au pweza haina nafasi ya kushika. Samaki hufunga mdomo juu ya chambo, huvuta, kisha chambo huchomoka kikabaki mdomoni mwake. Inafaa ncha ibaki wazi, na uwazi uliopo kati ya ncha na shina usizibwe. Kipande cha ngisi na kikatwe kirefu na chembamba, kichomwe karibu na mwisho wake, na kifungwe kwa uzi mwembamba ili wimbi lisikirundike chote kwenye ncha. Aidha, ndoana ilingane na mdomo unaotafutwa. Chaa ana mdomo mdogo, kolekole ana mdomo mpana, na mtu hawezi kuwavua wote wawili kwa ndoana moja akategemea kufanikiwa.

Sababu ya tatu ni mawimbi yenyewe. Kila wimbi linaposonga kuelekea pwani huulegeza mshipi, na mkondo wa upande huupinda kama upinde. Samaki akiuma wakati huo, mkono wa mvuvi hauna habari, na habari inapofika samaki amekwisha kutema. Dawa yake ni kuukaza mshipi taratibu baada ya kila wimbi, kuulaza juu ya kidole cha shahada, na kutumia chubwi itakayoshika mchanga. Wapo wanaochomeka vipande vya waya katika risasi ya chubwi ili viwe kama kucha, na mbinu hiyo ni nzuri. Siku za bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari yetu hukaribia mita 4, mkondo huwa mkali, na chubwi iliyotosha siku za maji mafu haitoshi tena. Tena ikumbukwe kwamba uzi wa nailoni hunyumbuka. Mtu aliyeutupa mbali akashtua kwa kiganja tu, nguvu yake huishia njiani. Yampasa avute kwa mkono mzima huku akirudi nyuma hatua mbili tatu.

Hayo yote yanahusu ndoana tuliyoizoea, yenye umbo la mkunjo na ncha iliyosimama sambamba na shina. Iko nyingine inayostahili kujulikana zaidi katika fukwe zetu, nayo ni ndoana ya duara, ambayo ncha yake imegeuzwa ndani kulielekea shina. Anayeiona mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa haielekei kuwa inaweza kunasa kitu. Kazi yake ni hii: samaki humeza chambo na kuanza kuondoka, mshipi unapokaza, ndoana huteleza kutoka kooni bila ya kuchoma, na inapofika kwenye pembe ya taya hugeuka na kushika hapo. Mwenye kuitumia haruhusiwi kushtua, kwani akishtua huichomoa mdomoni kabla haijageuka. Anachotakiwa ni kuuacha mshipi ukaze wenyewe, kisha avute kwa utulivu. Kwa mvuvi wa ufukweni, ambaye mawimbi humchelewesha kuhisi, ndoana inayojinasia yenyewe ina manufaa makubwa.

Wala asidhani mtu kwamba hicho ni kitu kigeni kwa watu wa visiwa. Katika kisiwa cha Okinawa, huko Japani, wataalamu walitangaza mwaka 2016 kwamba wamepata pangoni ndoana zilizochongwa kwa magamba ya konokono wa baharini, zenye umri upatao miaka 23,000. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba katika kisiwa cha Alor, Indonesia, limefukuliwa kaburi la kale lenye miaka ipatayo 12,000, la mtu anayedhaniwa kuwa mwanamke, aliyezikwa na ndoana za gamba, nyingi kati yake za mviringo. Watu wa visiwa vya Pasifiki nao walitengeneza za namna hiyo kwa mifupa na magamba. Mataifa yenye meli kubwa yalichelewa kuufuata ujuzi huo. Wavuvi wa Alaska na Kanada, wanaovua samaki mpana wa maji baridi aitwaye halibut, walihamia ndoana za duara mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu waliona kwamba zinawapatia samaki wengi zaidi. Na katika pwani ya mashariki ya Marekani, tangu mwaka 2021, mtu anayemvua kwa chambo na kwa burudani yule samaki wa milia anayependwa na wavuvi wa ufukweni analazimika kutumia ndoana hizo. Sababu ni kwamba samaki aliyenaswa tayani anaweza kurudishwa majini akaishi, lakini aliyemeza ndoana hadi tumboni mara nyingi hufa hata akiachiwa.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu wakuu wetu wa serikali. Kijana anayesimama pwani usiku wa manane akaumiwa mara 10 na kurudi na samaki 3, siku moja atachoka. Na akichoka, hatakosa mtu wa kumwonyesha juya la kukokota, lililokatazwa na sheria, ambalo halichagui mkubwa wala mchanga na huparua majani ya baharini ambamo samaki wadogo hukulia. Doria na faini zina mahali pake. Lakini katazo huwa jepesi kutiiwa pale ambapo njia ya halali inamshibisha mtu. Mshipi ni zana halali, haiharibu mwamba, na humwezesha mvuvi kumrudisha yule asiyefaa. Kuuongezea tija ni sehemu ya kuilinda bahari.

Tunayoyapendekeza hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, katika madiko machache, Bwana Diko awaombe wavuvi wa mshipi wa ufukweni wahesabu kwa muda wa mwezi mmoja mara walizoumiwa na samaki waliowapata, ili ijulikane hasara ni kiasi gani. Pili, kamati za wavuvi za shehia ziwe na tupa moja ya kunolea ndoana, iwekwe dikoni, itumiwe na kila mtu. Tatu, wavuvi wazee waliobobea waombwe kuwafundisha vijana mbinu zao palepale mchangani, kwa kuwa elimu ya mshipi haifundishiki vizuri ndani ya ukumbi. Nne, maafisa wa uvuvi wazijaribu ndoana za duara pamoja na wavuvi wenyewe, mshipi mmoja na mwingine bega kwa bega, chambo kilekile na maji yaleyale, na matokeo yasomwe hadharani yawe mazuri au mabaya. Zikionekana kufaa, wenye maduka wahimizwe kuziuza, na ubora wa ndoana zote utazamwe, maana ndoana ya chuma hafifu hunyooka siku ileile anapokuja samaki wa maana.

Kwa upande wa wavuvi wenyewe, hakuna haja ya kusubiri barua yoyote. Maji yatajaa leo usiku kama yalivyojaa jana. Kabla ya kuutupa mshipi, kila mmoja na aichukue ndoana yake na kuiweka juu ya ukucha. Ikiteleza, aketi kwanza ainoe, kwani samaki atakayekuja kuuma hatamsubiri.