Unanunua Nyumba ya Zamani Mjini? Jua Kwanza Kinachouzwa

Nyumba ya zamani inapotangazwa kuuzwa katikati ya mji wa Nyeri, maswali ya kwanza huwa yale yale: bei ni ngapi, ploti ni kubwa kiasi gani, na ni mwendo wa dakika ngapi hadi stejini. Ni maswali mazuri. Lakini katika mitaa iliyojengwa kabla ya uhuru kuna swali linalofaa kuyatangulia yote: anayeuza anauza nini hasa? Huenda anauza nyumba pamoja na ardhi iliyo chini yake. Huenda anauza nyumba peke yake. Na huenda anauza mali ambayo, kisheria, bado ni ya babu aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni historia ya mji wenyewe. Nyeri ilianza kama kambi ya wanajeshi wa Uingereza mwishoni mwa 1902. Kabla ya miaka 30 kupita, palikuwa na ofisi za serikali, maduka ya Wahindi, misheni, na hoteli ya Outspan ambayo katika uwanja wake Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi kuanzia 1938 hadi kifo chake Januari 1941. Serikali ya kikoloni iligawa mji kwa rangi. Wazungu walipewa ploti kubwa zenye bustani, Wahindi walijenga duka mbele na makao nyuma, na Waafrika wakatengewa vijiji vyao pembeni. Kila upande ulipata aina yake ya karatasi, na karatasi hizo ndizo zinazorithiwa na kuuzwa leo.

Kwenye barabara za zamani za biashara na katika mitaa iliyokuwa ya maafisa, karatasi hiyo kwa kawaida ni hati ya ukodishaji, ambayo wengi huiita lizi. Mwenye lizi amepewa ardhi kwa muda maalumu, na kwa ploti za mjini muda huo mara nyingi ni miaka 99, ingawa zipo za miaka michache zaidi. Hesabu ni rahisi, ila wanunuzi wengi hawaifanyi. Lizi ya miaka 99 iliyoanza Januari 1935 inaisha mwishoni mwa 2033. Anayelipa mamilioni kwa nyumba ya aina hiyo leo ananunua miaka michache tu, na benki nyingi zitasita kumkopesha kwa dhamana ya hati inayokaribia kuisha.

Hilo halimaanishi ardhi itapotea. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inampa mwenye lizi iliyoisha haki ya kufikiriwa kwanza, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Maombi hushughulikiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na serikali ya kaunti huulizwa maoni yake. Kuomba nyongeza kabla muda haujaisha ni rahisi kuliko kuanza upya baadaye. Kwa mnunuzi, busara ni kumtaka muuzaji aanzishe maombi hayo kabla ya mauzo, au bei ishuke kulingana na miaka iliyobaki.

Mitaa ya Majengo ina hadithi nyingine. Jina hilo linapatikana Nyeri, Nanyuki, Embu, Meru na miji mingine mingi ya Kenya. Mara nyingi waliotangulia kukaa huko walikuwa wapagazi, askari na wafanyabiashara, wengi wao Waislamu kutoka pwani na kwingineko, na walijenga kwa mtindo walioujua: ujia katikati, vyumba kila upande, ua nyuma. Katika mitaa ya aina hii mtu aliruhusiwa kujenga, lakini ardhi mara nyingi ilibaki ya serikali au ya baraza la mji, naye akabaki na leseni ya muda tu. Mombasa wana jina kamili la hali hiyo: nyumba bila ardhi. Huko mtu anaweza kumiliki kuta na mabati huku ardhi ikiwa ya mwingine anayelipwa kodi.

Kwa hivyo, anayeonyeshwa kadi ya zamani, risiti za baraza la mji au barua iliyopigwa muhuri na kuambiwa kwamba "hiyo ndiyo hati" anapaswa kusimama hapo hapo. Risiti inaonyesha kwamba mtu alilipa. Haionyeshi kwamba anamiliki. Leseni ya muda haiuzwi kama hati miliki, na barua ya umilikishaji ambayo masharti yake hayakutimizwa inaweza kumwacha mnunuzi mikono mitupu.

Njia ya kujua ni kufanya upekuzi rasmi, yaani sachi, katika ofisi ya usajili wa ardhi. Ploti nyingi za mjini zimesajiliwa kwa majina yanayoanza na Nyeri Municipality, kisha namba ya bloku na ya ploti. Matokeo yataonyesha jina la mwenye ardhi, aina ya umiliki, muda wa lizi, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Mnunuzi afanye sachi mwenyewe au kupitia wakili wake. Sachi iliyoletwa na muuzaji au dalali, hata ikiwa na muhuri, isitegemewe.

Hapo ndipo jina la babu hujitokeza. Chukua mfano wa familia ya watoto sita waliolelewa katika nyumba moja ya mawe. Baba alifariki, hati ikabaki kwa jina lake, na mtoto aliyebaki akiitunza nyumba sasa anataka kuiuza. Anaaminika mtaani na funguo ni zake. Hata hivyo, Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee, hata yakiwa na sahihi za ndugu wote sita, hayachukui nafasi ya uthibitisho huo. Aliyelipa kwa njia hiyo anaweza kukaa miaka kumi ndani ya nyumba, akapaka rangi na kubadilisha paa, kisha akapata barua kutoka kwa wakili wa binti aliyeolewa mbali na hakuulizwa.

Muuzaji akiwa hai na ameoa au ameolewa, na nyumba ikiwa ndiyo makao ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzi wake. Isichukuliwe kama jambo la kujaza fomu tu. Mnunuzi akutane na mwenzi huyo ana kwa ana.

Kuna pia watu walio ndani ya nyumba. Majengo mengi ya zamani mjini Nyeri na Karatina yana duka mbele na wapangaji nyuma. Kubadilika kwa mwenye nyumba hakuwaondoi. Mpangaji wa duka au hoteli ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, analindwa na sheria. Lazima apewe ilani ya angalau miezi miwili kwa njia iliyowekwa, naye ana haki ya kuipinga katika mahakama maalumu ya kodi za majengo ya biashara. Ahadi ya muuzaji kwamba "hao watatoka mwisho wa mwezi" iwekwe kwenye mkataba au isihesabiwe kabisa.

Nyumba yenyewe nayo ikaguliwe mchana na, ikiwezekana, siku ya mvua. Kuta nene za mawe hudumu, lakini nyaya za umeme za miaka ya 1950 hazidumu. Mabati ya asbesto yakipatikana, yasivunjwe na fundi wa kawaida. Kuyaondoa na kuyatupa kunasimamiwa na NEMA. Mnunuzi aulize NYEWASCO kama akaunti ya maji ina deni na kama choo kimeunganishwa na bomba la majitaka. Bikoni zihakikishwe na mpima ardhi, kwa sababu kuta za mitaa ya zamani zina tabia ya kusogea kuelekea kwa jirani.

Anayepanga kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha nyumba kuwa duka anahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019. Kujenga bila kibali kunaweza kuleta faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Majengo machache yana ulinzi zaidi. Jengo la makumbusho ya Nyeri kule Ruring'u, lililojengwa 1924 kuwa mahakama ya Waafrika, ni la aina hiyo. Jengo likishatangazwa rasmi kuwa turathi ya kitaifa, mwenyewe haruhusiwi kulibadilisha bila idhini. Nyumba nyingi za zamani hazimo katika kundi hilo, ila ni vyema kuuliza kabla ya kuajiri fundi.

Kuhusu gharama, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya mali mjini, na muuzaji hulipa kodi ya asilimia 15 ya faida aliyopata. Kodi ya lizi hulipwa serikali kuu. Ushuru wa ardhi, ambao wengi huuita reti, hulipwa kaunti. Madeni ya reti hufuata ploti, hivyo cheti cha kuonyesha kwamba zimelipwa kipatikane kabla ya uhamisho. Mkataba wa mauzo ni lazima uwe wa maandishi na utiwe sahihi mbele ya shahidi, na malipo ya awali, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, yawekwe kwa wakili hadi mauzo yakamilike.

Wakazi wanaotaka kujua hali ya reti au matumizi yaliyoruhusiwa ya ploti fulani wanaweza kufika katika ofisi za kaunti zinazohusika na ardhi na mipango ya miji, wakiwa na namba ya bloku na ya ploti. Masuala ya jina lililo kwenye hati yapelekwe kwa msajili wa ardhi, ambaye yuko chini ya serikali ya kitaifa.