Kabla Mtoto Hajapandishwa Matatu

Mama wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, anayejifungulia hospitali ya Pumwani au ya Mama Lucy Kibaki, huenda akaruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili uzazi ukiwa salama. Kasoro kubwa za kuzaliwa nazo hazifuati ratiba hiyo. Mtoto asiye na tundu la haja kubwa hawezi kungoja kliniki ya wiki ya sita: tumbo litavimba, atatapika, na utumbo unaweza kupasuka. Moyo nao una siri yake. Mtoto akiwa tumboni, damu hupitia mshipa mdogo unaokwepa mapafu. Mshipa huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, na mtoto mwenye moyo ulioumbika vibaya, aliyeonekana mzima wodini, hubadilika rangi ya midomo na ulimi akiwa tayari nyumbani. Kwa hiyo nashikilia kwamba tunachohitaji kwanza si mashine ya mamilioni, bali macho na vidole vya muuguzi anayemvua mtoto nguo zote, akapapasa kaakaa, akafuata uti wa mgongo, akatazama tundu la haja kubwa na nyayo, kisha akambana mguuni kile kipimo kidogo cha oksijeni.

Wauguzi wamelemewa, hilo ni kweli. Lakini uchunguzi huu ni wa dakika chache. Pingamizi zito zaidi ni hili: kugundua kuna faida gani kama tiba ni ghali au haipo? Utafiti wa nchi 74 uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye kasoro za njia ya chakula, karibu 40 walikufa katika nchi maskini, na chini ya 6 katika nchi tajiri. Kasoro ni zilezile; kinachotofautiana ni kufika mapema na huduma wanayoikuta. Na tiba nyingine hazihitaji utajiri. Nyayo zilizopinda hunyooshwa kwa njia ya Ponseti: plasta inayobadilishwa kila wiki, mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vya usiku kwa miaka kadhaa. Kwa kichwa maji, daktari Benjamin Warf aliendeleza huko Mbale, Uganda, upasuaji ambao huwaepusha watoto wengi na mrija unaoweza kuziba.

Wapo wanaosema kasoro hizi ni laana, na hapo ndipo mtoto hufichwa hadi muda upite. Jibu lilipatikana mwaka 1991: jaribio lililoongozwa na Waingereza lilionyesha kwamba vidonge vya foliki, vikianzwa kabla ya mimba, vilizuia takriban visa 7 kati ya 10 vya mgongo wazi na kasoro za jamii hiyo kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo. Laana haizuiwi kwa vitamini. Kenya ililazimisha unga wa pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo, mwaka 2012, ingawa unga wa posho mill mara nyingi hauna. Mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kama ni wajawazito, kwa hiyo mama hana kosa la kuungama. Ana swali la kumuuliza muuguzi kabla ya kutoka wodini: mtoto ameshapata choo cha kwanza, kile cheusi, na umemtazama mwili mzima bila nepi?