Vitamini D na Kifua Kikuu Sugu

Kifua kikuu (TB) huwa sugu pale bakteria wake wanapobadilika kiasi kwamba dawa iliyokuwa ikiwaua haiwadhuru tena. Badiliko dogo katika jeni iitwayo rpoB linatosha kuifanya rifampisini ishindwe kukishika kimeng'enya inachokilenga. Badiliko katika jeni nyingine, katG, huizuia isoniazidi isigeuzwe kuwa sumu ndani ya bakteria. Mgonjwa ambaye bakteria wake hawasikii dawa hizo mbili huhesabiwa kuwa na TB sugu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 400,000 kila mwaka huugua TB isiyosikia angalau rifampisini. Tangu streptomaisini ilipogunduliwa mwaka 1943, kila dawa kuu ya ugonjwa huu imefuatwa na usugu wake, na ndiyo sababu baadhi ya watafiti wameacha kumwangalia bakteria peke yake wakaugeukia mwili wa mgonjwa. Huko ndiko vitamini D inakoingia.

Kutibu kifua kikuu kwa jua na mafuta ya samaki ni jambo la zamani kuliko viuavijasumu. Katikati ya karne ya 19, hospitali ya Brompton jijini London iliwanywesha wagonjwa wake mafuta ya ini la chewa. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na katika miaka hiyohiyo Auguste Rollier alikuwa akiwaanika wagonjwa juani kwenye milima ya Leysin, Uswisi. Vitamini D yenyewe haikutambuliwa hadi miaka ya 1920. Dawa zilipokuja, tiba hizo zilisahaulika, na kwa haki, maana streptomaisini na isoniazidi ziliponya watu wengi ambao jua liliwashinda.

Maelezo ya kisayansi yalichelewa sana kupatikana. Vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi iliyopigwa na jua, hupita kwenye ini na kugeuzwa kuwa akiba inayozunguka katika damu, kisha figo huigeuza tena kuwa homoni kamili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi yake ni mifupa tu, kuwakinga watoto na matege. Kumbe makrofaji, yaani seli za kinga ambamo bakteria wa kifua kikuu hupenda kujificha, nazo zina uwezo wa kuitengeneza homoni hiyo zenyewe. Mwaka 2006 kundi la Robert Modlin katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilionyesha katika jarida la Science kwamba makrofaji iliyomtambua bakteria hutumia akiba ya vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini ndogo inayotoboa utando wa bakteria. Seli zilizowekwa katika majimaji ya damu yenye vitamini D kidogo zilitoa kathelisidini kidogo. Vitamini ilipoongezwa, kiwango kilipanda.

Umuhimu wa ugunduzi huo kwa usugu ni rahisi kuuona. Vitamini D haimrudishi bakteria sugu katika hali yake ya kwanza. Inampiga mahali pengine kabisa, na badiliko la rpoB halimkingi hapo. Aliyebadili kufuli ya mlango hajapata kinga dhidi ya anayebomoa ukuta.

Lakini yanayotokea kwenye kisahani cha maabara si lazima yatokee kifuani mwa mtu. Nchini Guinea-Bissau, jaribio la wagonjwa 365 lililochapishwa mwaka 2009 halikuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa vitamini D pamoja na dawa na waliopewa vidonge visivyo na kitu. Jaribio la London la mwaka 2011, lenye wagonjwa 146, halikuonyesha kwamba vitamini D huharakisha kusafika kwa makohozi, yaani kuisha kwa bakteria ndani yake, isipokuwa kwa wachache wenye aina fulani ya jeni ya kipokezi cha vitamini hiyo. Majaribio ya India na Georgia hayakuleta habari njema zaidi.

Mwaka 2019 takwimu za wagonjwa 1,850 kutoka majaribio manane ziliunganishwa na kuchambuliwa upya, mgonjwa mmoja mmoja. Kwa jumla vitamini D haikubadili kitu. Kwa wenye TB sugu, hata hivyo, makohozi yalisafika haraka zaidi. Uwiano wa kasi hiyo, wakilinganishwa na wenye TB sugu wasiopewa vitamini D, ulikuwa takriban 13. Namba hiyo inavutia kuliko inavyostahili. Wagonjwa wa kundi hilo walikuwa wachache, na ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 3 na 61. Upana wa namna hiyo ni sababu ya kufanya jaribio kubwa, si ya kuandika cheti cha dawa. Hata hivyo, tofauti yenyewe ina mantiki: dawa zinapofanya kazi vizuri, huwaua bakteria kwa kasi ambayo msaada wa vitamini hauonekani; dawa zinapolemaa, msaada mdogo wa kinga ya mwili unaweza kujitokeza.

Katika kuzuia ugonjwa, matokeo ni dhaifu zaidi. Mongolia, nchi ya baridi kali ambako upungufu wa vitamini D ni wa kawaida, iliwapa watoto wa shule dozi ya kila wiki kwa miaka mitatu. Watoto 8,851 walishiriki, na maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua. Jijini Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wenye VVU walioanza ARV wakiwa na kiwango kidogo cha vitamini D walifuatiliwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020: si vifo wala TB ya mapafu vilivyopungua. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Wamasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania walikutwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, wakati walioruhusiwa kuingia katika jaribio hilo walikuwa chini ya 75. Kuishi kwenye nchi ya jua si sawa na kuishi juani.

Wapo pia wanaotumaini kwamba vitamini D itapunguza mafua na vikohozi, na hivyo kupunguza viuavijasumu vinavyomezwa bila sababu. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulionyesha kinga ndogo. Majaribio yalivyozidi kuongezeka, kinga hiyo imezidi kufifia.

Kwa mgonjwa, suala hili lina pande mbili. Rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini, kwa hiyo upungufu unaweza kuongezeka wakati wa matibabu, na kuurekebisha ni jambo la busara. Kwa upande mwingine, makrofaji zilizokusanyika kwenye vidonda vya TB hutengeneza homoni ya vitamini D bila kufuata udhibiti wa figo. Dozi kubwa juu yake inaweza kupandisha kalsiamu katika damu, ikaleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na madhara ya figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachopendekezwa Marekani ni yuniti 600 kwa siku, na ukomo wa usalama ni 4,000.

TB sugu leo inatibika kwa miezi sita kwa mchanganyiko wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Hakuna ushahidi unaoruhusu vitamini D ichukue nafasi ya hata dawa moja kati ya hizo. Anayeitumia akiwa kwenye matibabu amweleze mhudumu wa kliniki ya TB, na ataje dozi.