Soko Lililojengwa Kuulisha Msikiti

Kundi la wanafunzi likienda Istanbul kwa ziara ya mafunzo, ratiba ya siku ya kutembelea mji mkongwe hupangwa karibu kila mara kwa namna moja. Asubuhi ni Ayasofya, Msikiti wa Sultan Ahmet na kasri la Topkapı. Alasiri, miguu ikiwa imekwisha nguvu, huja "muda wa manunuzi" ndani ya Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa. Mwalimu hufunga daftari lake mlangoni mwa soko. Kuanzia hapo wanafunzi ni wateja tu, naye huketi mgahawani akingoja basi.

Kwa sisi tunaofundisha historia ya miji, mpangilio huu unauma, maana unalikata somo katikati. Mehmed II alipouteka mji mwaka 1453 aliigeuza Ayasofya, iliyokuwa kanisa kuu, kuwa msikiti. Miaka michache baadaye akaamuru lijengwe jumba la mawe lenye kuba nyingi ndogo na milango ya kufungwa imara, wapangishwe humo wauza vitambaa na bidhaa za thamani. Kodi yao iliwekwa wakfu kwa Ayasofya. Jumba hilo lingalipo, na ndilo kitovu ambacho soko zima lilikua kukizunguka hadi kufikia mitaa zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka msikitini kwenda sokoni hajaacha kusoma. Anatoka kwenye matumizi, anakwenda kwenye mapato.

Kwa nini jengo moja lihitaji soko zima? Jibu liko juu ya kichwa cha mgeni. Ayasofya ilijengwa kwa kasi ya ajabu, kati ya mwaka 532 na 537, kwa amri ya Mfalme Justinian. Wasanifu wake walikuwa Anthemius na Isidore. Kuba yake ina upana wa mita 31 hivi na iko mita 55 kutoka sakafuni. Kuba pana namna hiyo haikandamizi kuta kwenda chini tu. Inazisukuma nje pia, kama ngazi ya kuegemea inavyosukuma miguu yake kwenye sakafu inayoteleza. Mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, kuba ya kwanza ilianguka. Iliyojengwa mahali pake ilinyanyuliwa juu zaidi ili kupunguza msukumo huo, na karne kumi baadaye Mimar Sinan aliongeza nguzo za kuegemeza kuta kwa nje. Jengo kama hili haliishi kutengenezwa, na fundi halipwi kwa dua peke yake.

Siku hizi wageni huingia kwa mlango wao, hulipa tiketi na kupandishwa kwenye roshani ya juu, kwa sababu chini ni mahali pa sala tangu Ayasofya iliporudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Wengi hulalamika. Mimi naona kwa wanafunzi ni bahati, kwani ni huko juu ambako nguzo zinaonekana wazi zimeinama kwenda nje. Wape nusu saa nzima wazitazame, wachore, wabishane. Huo msukumo wanaouona kwa macho ndio uliokuwa ukila kodi za wauza vitambaa.

Ili nusu saa hiyo ipatikane, kitu kingine lazima kiondoke, nami ningeondoa Topkapı bila kusita. Kasri lile linataka siku yake. Tangu mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, alikwisha kuandika juu ya uchovu wa makumbusho, akionyesha kwa picha jinsi mtazamaji anavyolazimika kuinama na kujikunja mbele ya kabati za vioo. Kijana aliyepitishwa vyumba vyote vya Topkapı atafika sokoni akiwa na macho ya kutafuta kiti.

Kutoka Ayasofya hadi Kapalıçarşı ni kama kilomita moja kwa barabara ya Divan Yolu, na waende kwa miguu. Sokoni, badala ya kuwaambia "mkutane hapa saa kumi na moja", wape kazi. Mtaa wa Kalpakçılar, ambao zamani ulikuwa wa watengeneza kofia, leo umejaa masonara. Waulize bei ya bangili. Watagundua kwamba bei ina sehemu mbili: dhahabu yenyewe, inayopimwa kwa gramu na kuhesabiwa kwa bei ya siku ile, na ujira wa ufundi. Sehemu ya kwanza haina mjadala mkubwa. Anayejua kupatana bei huelekeza maneno yake kwenye ufundi. Watazame na muhuri: 916 ni karati 22, 585 ni karati 14. Mwanafunzi wa biashara akilielewa hilo mbele ya sonara, amejifunza kwa robo saa jambo ambalo darasani lingemchukua wiki.

Kisha washuke Mahmutpaşa. Hii ni njia ya mteremko inayotoka sokoni kuelekea bandari ya Eminönü, na wenyeji hununua huko nguo za watoto, mashuka na mavazi ya harusi. Kama kuna pesa ya zawadi, itumike hapa kuliko juu.

Chini kabisa wanakutana na Mısır Çarşısı, soko la viungo, na jirani yake Yeni Cami. Msikiti huu ulianzishwa mwaka 1597 na Safiye Sultan, ukakwama zaidi ya nusu karne, ukamalizwa miaka ya 1660 na Turhan Sultan, mama wa Mehmed IV. Soko lilijengwa kama sehemu ya msikiti, kodi ya maduka iutunze. Yale waliyoelezwa asubuhi kwa maneno, hapa wanayaona kwa mtazamo mmoja. Wakinunua zafarani waangalie vizuri, kwani mara nyingi kinachouzwa kwa jina hilo kwa bei ya chini ni maua ya alizeti-mwiba, yenye rangi lakini bila harufu ile.

Wanafunzi wa pwani yetu wana la kuongeza. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Mombasa ina Kamisheni ya Wakfu ya Kenya, na katika miji yote miwili zipo nyumba na maduka ambayo kodi yake ni ya msikiti. Kijana aliyekulia Mji Mkongwe anaweza kuwaeleza wenzake wa bara mpango huu vizuri kuliko mwongoza watalii. Apewe nafasi hiyo palepale uani mwa Yeni Cami.

Mwenye kupanga ratiba achague siku kwa makini. Jumapili Kapalıçarşı hufungwa. Ijumaa misikiti haipokei wageni mpaka sala iishe, karibu saa nane na nusu mchana. Jumatano au Alhamisi inafaa, kundi lifike Ayasofya kabla foleni haijawa ndefu, na Eminönü waachiwe saa mbili bila mwalimu.